Mlango Unavutwa

Katika riwaya yangu, maktaba ya Mpwapwa
ina ngazi ya mninga inayoteleza juu ya reli,
ina taa za kijani, ina dirisha refu
ambalo mvua inalipiga ukurasa mzima.
Nilihitaji mvua. Nyemo alikuwa analia.

Sechelela, mtunza vitabu, aliusoma mswada siku tatu,
miwani yake imeshikizwa kwa uzi wa gunia,
akanirudishia.
"Mvua gani hiyo, mwezi wa nane?
Sisi huku tukiona wingu tunaliamkia."
Akagonga mihuri miwili, mitatu,
kisha, bila kuinua macho:
"Na mbona humo ndani hakuna anayepiga chafya?"

Sikuwa na la kusema.
Nilikuwa nimeua mtu kati ya historia na kilimo,
nimekutanisha wapenzi nyuma ya kamusi,
nimeficha wosia ndani ya kitabu cha ufugaji nyuki,
lakini vumbi nimelisahau,
vumbi lile jekundu la kiangazi
linaloingia bila kadi,
linapitia kila kitabu
na halikumbuki hata kimoja.

"Njoo uone wanachoficha watu."
Akavuta droo:
risiti ya madebe mawili ya alizeti, Kibaigwa;
ganda la karanga, bapa kama ukucha;
tiketi ya treni, Gulwe hadi Saranda, haijatobolewa;
picha ya mtoto, na begani mwake
mkono wa mtu aliyeondolewa kwa mkasi.
"Wosia sijauona. Huu mwaka wa kumi na tisa."

Akanionyesha meza ya nne, kijana wa kidato cha pili
amesimamisha fizikia ikawa ukuta, amelala nyuma yake.
"Huyu namwamsha saa kumi. Ana ng'ombe."
Na kule pembeni mzee Chilongani, wa kila Jumanne,
haazimi kitu, anafungua atlasi palepale,
anaweka kidole juu ya mji
ambao Sechelela hawezi kuutamka,
anakaa nao mpaka kengele.
"Nilimuuliza siku moja, huko kuna nani?"
"Akasemaje?"
"Akapiga chafya."

Nikarudi nyumbani nikazima taa za kijani.
Ngazi niliiacha. Naipenda ile ngazi.
Mvua nikaipunguza ikawa manyunyu,
manyunyu yakawa wingu,
wingu nikalipeleka Kondoa, likanyeshe kwa wengine.
Nyemo akalia vilevile, pakavu,
na nilipoyasoma machozi yake upya
yalikuwa ya kwake mwenyewe, si ya dirisha.
Lakini Chilongani hakuingia.
Nilimjaribu katika sura tatu. Kila nilipomleta,
nilimpa mtu wa kumngoja kule kwenye atlasi,
na kila nilipompa, kidole kiliinuka.

Kitabu kikatoka. Nakala moja nikaipeleka mwenyewe.

Leo nimepita. Sechelela amestaafu, yuko kwao Kongwa,
analima zabibu safu nne, nasikia, na anazipa namba.
Mezani kuna kijana mwenye simu, mpole,
amenielekeza kwenye rafu yangu kama mgeni.
Nimefungua jalada la nyuma.
Jina moja kwenye kadi, mara nne:
Sechelela, Sechelela,
halafu miezi sita ya ukimya,
Sechelela, Sechelela.

Na ukurasa wa sitini na moja,
pale niliposema *Nyemo akausukuma mlango, akaingia*,
kuna mstari wa penseli, na pembeni, kwa mwandiko
uliozoea nafasi ndogo za kadi:
*Unavutwa. Ulikuja mara ngapi?*

Nimekwenda mlangoni kutazama bawaba.
Ni kweli. Ukiwa nje, unavutwa.
Ila ukiwa ndani, mama, ukitaka kutoka,
unasukuma.
Nikatoa penseli yangu nimwandikie hilo.
Nikasimama nayo kidogo.
Vumbi likaingia,
nikapiga chafya, kijana akageuka,
na penseli nikairudisha mfukoni.